Tembo wa Bluu na Moshi wa Msamala

Mume wa dada yangu alipofariki, wazee wa ukoo wake walikuja kutoka Madaba wakakaa nasi hadi tanga lilipovunjwa. Siku ya kuondoka, baada ya sala na baada ya chai, walizungumza jambo moja tu, nalo lilikuwa mtoto.

Kwetu mtoto ni wa upande wa baba. Mjomba hupewa kiti, hupewa shikamoo za kutosha, na kuku akichinjwa huwekewa firigisi, lakini neno la mwisho hapewi. Mimi nilikuwa mjomba wa yule msichana, na nilikaa kwenye kiti changu nikasikiliza. Kaka mkubwa wa marehemu ndiye aliyesema. Alikuwa mtu mpole, mkulima, na alisema taratibu huku akiangalia mikono yake.

"Mtoto huyu ni wetu, hilo halina mjadala. Lakini mama yake ana cherehani. Maadamu anakula kwa mkono wake mwenyewe, mtoto na akae naye hapa mjini asome. Siku mkono ukikosa kazi tutakuja kumchukua. Hatutaki mtoto wa ndugu yetu alelewe kwa kuombaomba."

"Nimesikia, shemeji," dada yangu akajibu.

Mimi pia nilisikia. Nilimshukuru Mungu, maana nimeona wajane walioambiwa maneno mabaya zaidi ya hayo, tena kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Cherehani yenyewe ilikuwa ya miguu, nyeusi, yenye meza ya mbao iliyong'arishwa na viganja vya mikono. Marehemu alikuwa fundi, na alikuwa amemfundisha mke wake kazi hiyo tangu walipooana. Ilikaa barazani kwao Msamala, hapa Songea, chini ya bati, na mtu aliyepita njia ile alisikia mlio wake kabla hajaiona nyumba. Dada alishona sare za shule na magauni ya harusi. Wakati huo nilikuwa katekista wa kigango chetu, na kila mwaka watoto niliowafundisha walipokaribia komunio ya kwanza, mama zao walikwenda kwake kushonesha nguo nyeupe. Kwa hiyo nilikuwa naingiza watoto kwa Mungu, naye dada anawaingiza kwenye magauni, na sote wawili tulikula.

Miaka hiyo ndiyo milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa. Nyinyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua ilivyokuwa kusimama foleni kwenye duka la ushirika kwa ajili ya kitambaa, na kufika mbele ukaambiwa kimekwisha. Sasa malori yalikuwa yakipanda kutoka Makambako yamebeba kila kitu. Sabuni zilikuwa za rangi tatu. Na yalikuja marobota ya mitumba, ambayo mwanzoni watu waliyaita kafa Ulaya, wakiamini ni nguo za marehemu wa huko. Hofu hiyo haikudumu. Kafa Ulaya ilikuwa na mifuko, zipu na vifungo vizima, na bei yake haikufikia hata ushonaji wa dada yangu, achilia mbali kitambaa.

Mwaka mmoja, watoto wa komunio walipoingia kanisani kwa mstari, niliona magauni meupe ya kila namna, yenye lesi na mikanda ya hariri. Yalipendeza sana. Nikamtafuta dada kwa macho, nikamkuta amekaa benchi la nyuma. Macho yake hayakuwa altareni. Alikuwa anaangalia mishono.

Tangu hapo kazi yake ikawa kukunja suruali na kupunguza viuno.

Midoli ilikuja ndani ya marobota hayo hayo. Hakuna aliyeiagiza. Mwenye marobota, mfanyabiashara mmoja mtu wa Iringa, mtani wetu, mcheshi na mwenye sauti kubwa, alifungua robota la nguo za watoto akakuta kati yake vinyama vya manyoya vimejaza nafasi. Akavitupa pembeni, watoto wakaviokota. Kimoja kikaangukia mikononi mwa mke wa afisa mmoja aliyehamia kutoka mikoa ya kaskazini. Yeye alikifua, akakikausha, akakiketisha kwenye kochi lake juu ya kitambaa cha kufuma. Basi. Kila mwanamke aliyeingia katika nyumba ile alitoka na hamu.

Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa amelima maisha yake yote, alisimama mlangoni pale akakataa kuingia.

"Hivi mnaweka ngedere kwenye kochi?"

"Si ngedere, bibi. Ni dubu."

"Dubu ndiye nani?"

"Mnyama wa Ulaya."

"Anakula mahindi?"

"Hata sijui, bibi."

"Basi ni ngedere. Mtoeni nje."

Walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini baada ya kipindi kifupi hakukuwa na kochi Msamala lisilokuwa na ngedere wake. Wanawake walikuwa na mchezo wa vyombo: Jumapili baada ya misa walikwenda kwa mwenzao mmoja, kila mtu na sahani au bakuli la kumpa, na wiki nyingine kwa mwingine. Mchezo huo ukageuka kuwa wa midoli. Sahani zikasogezwa chini kabatini, na nyuma ya vioo wakakaa sungura na madubu wakitutazama tukinywa chai.

Wakaanza pia kujua kutofautisha. Waliojazwa pamba hawakuwa na thamani. Waliotakiwa ni wale wadogo waliojazwa punje za plastiki, ambao ukiwaweka wanajikalia wenyewe kama mtu aliyechoka. Wanawake wetu walizijua punje tangu utotoni. Walimshika mdoli tumboni, wakamviringisha kati ya vidole vitatu kama anavyofanya mtu anayepima mahindi kama yamekauka, wakasema, "Huyu yumo," au, "Huyu ni pamba, mpe mtoto." Na midoli michache ilikuwa bado na kikaratasi kigumu chekundu kilichobanwa sikioni. Hicho waliita hereni. Mdoli mwenye hereni hakufuliwa, hakuguswa na mtoto, na hakukaa kwenye kochi. Alikaa kabatini.

Yule bibi mkulima ndiye aliyewapa jina bila kukusudia. "Wazee wenu walihesabu ng'ombe zizini," aliwaambia, "ninyi mnahesabu matambara." Neno likawapendeza. Wakaanza kuulizana, "Zizi lako limefikia wapi?" Zizi kamili lilitaka dubu, sungura, simba, chura na tembo, wote wa punje, wote wenye hereni. Tembo alikuwa wa bluu, na hakuwa akionekana. Walikuwapo wanawake waliosema wamemwona mjini Njombe. Mmoja alisema yuko Tunduru kwa mfanyabiashara wa korosho, lakini tulipomuuliza aliyetoka huko alicheka tu.

Mimi nilijaribu kusema neno katika jumuiya yetu. Nilisema kwa upole kwamba moyo wa mtu unajua kujitafutia vitu vya kuketisha mahali pa juu. Mama mmoja akanijibu huku anamenya karanga, "Mwalimu, hatuwasujudii. Wanakaa tu." Wakacheka, nami nikacheka, sala ikaendelea.

Kwa dada yangu mambo hayo mwanzoni yalikuwa baraka, na siwezi kusema vinginevyo. Midoli mingi ilitoka robotani imechanika. Ilihitaji sikio, ilihitaji jicho, ilihitaji mshono mgongoni punje zisimwagike. Wanawake walimpelekea, wakamwita daktari. Niliwahi kumkuta barazani ana safu ya wanyama wagonjwa wamelala kifudifudi kwenye meza ya cherehani, na binti yake, aliyekuwa na umri wa kujiandaa kwa komunio, amekaa chini anatafuta vifungo vinavyofanana kwa ajili ya macho.

"Shikamoo, mjomba. Huyu alikuwa kipofu."

"Marahaba. Na sasa?"

"Sasa anaona, lakini jicho moja ni la koti la babu."

Dada alicheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa ajili ya vitu vya kipuuzi, maana vilikuwa vinamlisha mtu.

Kisha ikazuka kanuni nyingine, sijui ilitoka kwa nani. Ilisemwa kwamba mdoli aliyeguswa na sindano amepungua. Hata mwenye hereni, akishaonekana uzi wa Msamala mgongoni, hahesabiki zizini. Mama mmoja alimrudishia dada yangu simba aliyemshonea vizuri kabisa, akamwambia mbele ya watu, "Umeniharibia." Wengine wakaacha kuja. Baraza likawa kimya tena.

Hapo ndipo dada yangu naye alipoanza kukusanya. Nadhani aliona kwamba wote walioshika midoli bila sindano walikuwa wanapanda, na yeye mwenye sindano ndiye anayeshuka. Alibadilisha vitenge. Alibadilisha kuku wa kienyeji mmoja baada ya mwingine. Akapata dubu, akapata sungura, akapata simba na chura. Wote walikuwa wa punje, na wote walikuwa na hereni.

Habari za mnunuzi zilikuja mwishoni mwa kiangazi. Ilisemekana kuna mtu Dar es Salaam anayenunua mazizi kamili kwa ajili ya maduka ya wageni, na kwamba atapanda hadi Songea mvua zikiisha. Mtani wetu mwenye marobota alikuwa wa kwanza kuamini. Sitaki kumsingizia: hakuwa tapeli, kwa sababu na yeye alikuwa anajiwekea mazizi yake katika sanduku la bati. Alikuwa na tembo wa bluu wawili. Mmoja akakubali kumtoa, ila kwa cherehani tu. Alitaka kuiweka kwenye kibanda chake, watu wanunue suruali na kukunjiwa papo hapo.

Dada alikuja nyumbani kwangu kunieleza. Hakuwa amekuja kuomba ruhusa. Alikuwa mtu mzima na mjane, na nilimheshimu. Alisalimia, akakaa, akasema.

"Nitampa cherehani."

"Mlongo wangu, ile ndiyo mkono wako."

"Cherehani ile mwezi huu imeshona nini? Nitajie, kaka."

"Imeshona suruali ya mwalimu wa shule."

"Imekunja suruali ya mwalimu. Kukunja si kushona."

"Na lile neno la Madaba?"

"Hilohilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikikaa hivi hivi watamchukua mtoto polepole, kwa njaa. Mvua zikiisha, mnunuzi akija, nanunua cherehani mbili. Moja namfundishia mtoto."

"Na asipokuja?"

Akaniangalia bila hasira. "Kaka, kila Jumapili unafundisha watu kumngoja asiyeonekana. Halafu mimi ndiye uniambie nisingoje?"

Nimesoma dini tangu nikiwa mdogo, chini ya walimu wakali, na nimejibu maswali ya wakubwa waliotaka ubatizo na ya vijana waliotaka kubishana tu. Lile halikuwa gumu kulijibu. Hata sasa naweza kukaa nikaandika kurasa za majibu. Lakini lilisemwa na mtu aliyekuwa anamwona mtoto wake akichukuliwa polepole, na kila jibu nililolishika liligeuka jepesi mkononi mwangu. Nilimwambia tusali. Tukasali. Akaondoka, na kesho yake nikaona mkokoteni ukipita na cherehani imefungwa kwa kamba, meza yake imeelekea juu, na binti yake anaufuata nyuma hadi kwenye kona.

Nilipofika kwao nilikuta tembo wa bluu ameketi mahali pa cherehani. Alikuwa mdogo kiasi cha kukaa kiganjani.

"Usimguse," mama alimwambia mtoto. "Hiyo ndiyo cherehani yako."

Msichana akaweka mikono nyuma.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa Pwani au wa Dar angelicheka. Masika yetu Songea ni marefu na yenye unyevu. Nguo hushika ukungu sandukuni, panya huingia ndani, nondo huzaliana katika kila kitu chenye manyoya. Na sisi ni watu wa mahindi. Kitu chochote cha thamani kinachongoja msimu unaofuata tunajua pahali pake: ni jikoni, juu ya mafiga, kwenye moshi. Mbegu bora hazikai ghalani. Mahindi makubwa kuliko yote huchaguliwa, maganda yake hufungwa pamoja, hutundikwa juu ya moto, na moshi huyafunika mpaka yanakuwa meusi kwa nje. Fukusi hawayagusi. Ndivyo mama zetu walivyofanya, na hakuna mwaka ambao mbegu zilitutupa.

Kwa hiyo mvua zilipoanza, na mdoli wa mama mmoja alipokutwa ametobolewa tumbo na panya, wanawake wa Msamala hawakushauriana. Kila mmoja alifanya alichokijua. Walifunga mazizi yao katika vitambaa vyepesi wakayatundika jikoni juu ya mafiga, pamoja na mbegu. Dada yangu naye alifanya vivyo hivyo. Alikuwa anapikia kuni za mikaratusi, zile zilizouzwa kwa mafungu karibu na barabara, na moshi wake una harufu kama dawa ya kifua. Mara nyingi niliingia jikoni mle nikamkuta na binti yake wameinama kwenye chungu, na juu ya vichwa vyao mahindi na kile kifurushi, vinayumba kidogo. Nilikiangalia nikaona ni sawa. Na mimi ni mtoto wa mama yangu.

Ule ulikuwa mwaka ambao mahindi yalikosa mnunuzi. Zamani ushirika ulikuja na magari kuyachukua, hata kama malipo yalichelewa. Sasa tuliambiwa kila mtu atafute soko lake, na mbolea ilikuwa imepanda hata wengi walilima bila hiyo. Ghala langu lilikuwa limejaa, na sikuweza kununua chochote.

Mvua zikaisha baada ya Pasaka. Barabara ikakauka, na lori la kwanza lililopanda lilileta marobota. Mtani wetu alilifungua moja mbele ya watu waliokuwa wanangoja, na ndani hamkuwa na nguo. Ilikuwa midoli mitupu. Akafungua la pili, midoli. Walimwagika wakajaza turubai: madubu, simba, vyura, na tembo wa bluu wengi kama viazi, kila mmoja na hereni yake nyekundu inang'aa. Mtani mwenyewe alikaa juu ya robota la tatu, hakulifungua.

Wanawake waliokuwa pale walikimbia nyumbani kushusha mazizi yao, kana kwamba wakiwahi wangepata kitu. Nami nilikuwa nimefika. Nilimwona dada yangu akija na kifurushi kifuani. Kilipofunguliwa, midoli ilikuwa imegeuka rangi. Dubu aliyekuwa mweupe alikuwa kama ugali wa muhogo ulioungua. Hereni zilikuwa zimejikunja na kuwa kahawia. Na harufu ikatoka.

Mtani akamwinua tembo puani. Alijaribu kuwa yule yule wa siku zote.

"Wangoni bwana! Hawa ni midoli au samaki wa Nyasa?"

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa na vifurushi vyao. Utani una nguvu hiyo. Dada yangu hakucheka.

"Mnunuzi yuko wapi?" akauliza.

"Dada yangu, hata mimi namtafuta."

"Ni kwa sababu ya moshi? Niambie kweli. Kama si moshi angewachukua?"

Mtani akarudisha tembo kwenye kitambaa, taratibu, akakifunga mwenyewe. "Hata wangekuwa wapya," akasema. "Na wangu wako kwenye sanduku la bati, safi kabisa. Njoo uwachukue ukitaka."

Hadi leo kuna wanawake Msamala wanaoamini ni moshi, na wanalaumiana. Mimi sidhani. Lakini naelewa kwa nini wanapenda iwe moshi, maana moshi ulikuwa wetu, na tungeweza kuuzima.

Nilimvuta mtani pembeni nikamwambia nina mahindi, magunia aliyotaka yeye, airudishe cherehani.

"Mahindi? Mwalimu, mwaka huu hata panya wameyachoka." Kisha aliona uso wangu, akaongeza kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee. Ndicho kitu pekee hapa kinachoniingizia chakula. Angalia."

Nikaangalia. Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha dada yangu, anakunja suruali, na foleni ilikuwepo.

Watoto wa mtaa walicheza mpira kwa tembo wa bluu mwezi mzima.

Habari hupanda basi kama abiria, na mabasi ya Njombe hupita Madaba. Walikuja bila kelele: yule kaka mkubwa wa marehemu na shangazi mmoja mtu mzima. Tulikaa barazani, mahali palipokuwa patupu.

"Shemeji," akamwambia dada yangu, "cherehani iko wapi?"

Dada akaangalia ndani, kwenye kabati.

"Sijaja kukutukana. Nionyeshe tu mkono wako unakula nini."

Nikasema mimi. Nilisema mtoto atakula kwangu, mama yake atakula kwangu, ghala limejaa. Nilisema shule iko karibu na komunio yake imekaribia. Nilizungumza kwa muda, na walinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Mjomba, tunakushukuru," yule kaka akasema. "Lakini tulisema mkono wake. Hatukusema wako."

Ilikuwa kweli. Nilikuwepo aliposema. Shangazi akasaidia jikoni, kuku akapikwa, tukala. Firigisi iliwekwa kwenye sahani yangu, nikaitafuna, kwa sababu kuikataa ingekuwa kuwatukana watu waliofanya kila kitu kwa utaratibu.

Dada alifunga nguo za binti yake. Mwisho kabisa akafungua kabati, akamtoa tembo, akampa.

"Nimguse?" mtoto akauliza.

"Mguse. Ni wako."

Msichana alimweka puani kabla ya kumweka kifuani.

Baada ya miezi michache mtani wetu alimwita dada yangu akampa kiti. Yule kijana alikuwa amekwenda kutafuta maisha. Dada akarudi kwenye cherehani yake mwenyewe, akawa anaisukuma kwa miguu yake mwenyewe, akikunja suruali za mtu mwingine. Wengine walisema ni fedheha. Yeye alisema ni kazi. Nilituma neno Madaba kwamba sasa mkono una kazi, wakajibu kwa salamu nyingi kwamba mtoto ameshaandikishwa shule ya huko na wamemzoea. Sikuweza kuwalaumu, wala sikuweza kumwambia dada yangu kwamba siwalaumu.

Nashukuru kwa mengi. Hakuteswa. Alisoma, akaolewa kanisani, leo ana watoto wake, na huja kumwona mama yake kila anapopata nafasi. Mungu hakutuacha. Nasema hivyo nikiwa nimelipima neno hilo kwa miaka mingi, na bado nasema.

Lakini mwaka ule wa kwanza nilikwenda Madaba kumwona, nikiwa na unga wa ulezi aliotumiwa na mama yake. Nilikaribishwa vizuri. Bibi mzaa baba alinishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba anionyeshe jinsi wanavyomtunza mjukuu. Nguo zake zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, safi, na katikati yake alikuwa tembo wa bluu ameninginia kwa masikio. Alikuwa amerudia rangi yake karibu yote. Hereni ilikuwa imeondoka.

"Nimemfua kwa mkono wangu," bibi akasema kwa furaha. "Alikuwa ananuka moshi, maskini, sijui walikuwa wanamweka wapi. Mtoto alikuwa anamlalia usoni kila siku. Nikasema hapana, ataugua kifua."

"Asante, mama," nikamwambia. "Mungu akubariki."

Mpwa wangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Alinisalimia, tukazungumza habari za mama yake na za shule. Bibi alipokwenda kuchota maji, msichana akamtoa tembo kwenye kamba. Bado alikuwa mbichi kidogo. Akaniongoza jikoni akaninyooshea.

"Mjomba, wewe ni mrefu. Mfunge pale."

Alikuwa anaonyesha juu ya mafiga, kwenye mbegu. Nikatafuta kamba, nikamfunga kati ya mahindi mawili. Akachochea kuni, moshi ukapanda. Tulikaa pale kwenye vigoda, macho yakituwasha. Kuni zao zilikuwa za miombo, ngumu, nzuri, zinazokaa na moto, si mikaratusi ya Msamala. Baada ya muda akaniomba nimshushe, nikamshusha. Akamweka puani, akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena.

"Si ule," akasema.

"Mwache akae zaidi," nikamwambia.

Akanirudishia tembo nimtundike, nami nikamtundika.